Mtoto Asomewe Kabla ya Kusomeshwa

Apitaye asubuhi karibu na darasa la awali, mjini au kijijini, husikia sauti nyingi zilizofungwa pamoja kama mzigo wa kuni: ba, be, bi, bo, bu, cha, che, chi, cho, chu. Mpita njia husimama kidogo, hutabasamu, kisha huendelea na safari yake kwa moyo mkunjufu akiamini kwamba watoto wa taifa wanasoma. Makala haya yameandikwa kumbishia mpita njia huyo. Watoto wale hawasomi; wanaimba. Wimbo wao una faida yake, maana hakuna awezaye kusoma pasipo kuzijua herufi na silabi. Lakini kuuita wimbo huo kusoma, na kuridhika nao mwaka mzima, ni sawa na kumwita mtu baharia kwa sababu amejua kufunga fundo la kamba.

Shtaka letu ni hili. Katika madarasa mengi ya awali mtoto huweza kumaliza mwaka pasipo kusomewa hata hadithi moja ya Kiswahili kutoka kitabuni, toka mwanzo hata mwisho, na mtu mzima aliyeipenda hadithi hiyo. Herufi anazo ukutani, daftari analo mkobani, nyimbo za kumkaribisha mgeni anazijua zote, na siku ya kufunga shule huvishwa joho na kofia ya pembe nne. Hadithi hana. Na kwa kuwa hana hadithi, hana sababu yo yote ya kuzitaka herufi. Amepewa jembe, tena huenda amechapwa ili alishike vema, na shamba hajaonyeshwa.

Yafaa tukubaliane juu ya maana ya kusoma kabla hatujaendelea kugombana. Mwaka 1986 wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliieleza habari hii kwa hesabu rahisi ambayo kila mwalimu angefaa kuijua. Walisema kwamba kusoma kwa kuelewa ni zao la mambo mawili: kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na kuielewa lugha yenyewe inaposemwa. Hawakusema kwamba mambo hayo hujumlishwa; walisema huzidishwa. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaijua tofauti hiyo. Kumi ukijumlisha na sifuri hubaki kumi. Kumi mara sifuri ni sifuri. Mtoto aliyekaririshwa silabi mpaka akawa bingwa wa darasa, lakini masikio yake hayajazoea lugha ya masimulizi, atazidisha kumi yake kwa kitu kilicho karibu na sifuri. Jibu atakalolipata tunalijua, na lawama tutamtupia yeye.

Kiswahili chetu kina sifa njema ambayo katika jambo hili hugeuka kuwa mtego. Maandishi yake ni manyofu. Irabu ni tano, kila moja ina sauti yake, na mtu akiisha kuzijua silabi aweza kulitamka karibu kila neno alionalo. Mtoto anayejifunza kusoma Kiingereza akikutana na neno gumu hukwama, na mwalimu hugundua mara moja kwamba pana tatizo. Mtoto wetu hakwami. Mpe gazeti lenye habari za bajeti ya serikali, naye atakusomea tozo, ruzuku na pato la taifa kwa sauti kama ya mtangazaji wa redio, na mkaguzi aliyeketi nyuma ya darasa atapiga makofi. Kutoelewa hujificha ndani ya ufasaha. Kwa sababu hiyo sisi tunaosomesha kwa Kiswahili tungepaswa kuwa wakali kuliko wenzetu katika kuuliza kama mtoto ameelewa, na badala yake tumekuwa wapole kupita kiasi.

Tazama sentensi hizi mbili: Kobe alimpikia Kuku, Kobe alimpika Kuku. Irabu moja tu imeondoka. Katika sentensi ya kwanza Kuku ni mgeni aliyealikwa chakula. Katika ya pili Kuku ndiye chakula. Mtoto wa silabi atazitamka zote mbili bila kosa wala huzuni. Mtoto aliyesomewa hadithi nyingi ataruka kutoka mkekani kwa kuhuzunika au kwa kucheka, maana masikio yake yameshafundishwa kwamba mkia wa kitenzi cha Kiswahili ndimo mambo makubwa yanamotukia: nani amepiga, nani amepigwa, nani amepigiwa, nani amepiganisha wengine kisha akakaa kando kutazama. Hayo hayafundishwi kwa chati ya ukutani. Hufundishwa kwa kuyasikia mara mia ndani ya visa ambavyo mtoto anataka kujua mwisho wake.

Au chukua mfano huu mwingine. Bibi alitazama mbinguni akaona mawingu yametanda. Akatoka mbio, akaukunja mkeka na mpunga wake, akauingiza ndani. Muulize mtoto: kwa nini Bibi alikimbia? Neno mvua halimo katika sentensi hizo. Mtoto anayejibu kwamba mvua ilikuwa inakuja amesoma kitu ambacho hakikuandikwa, na kusoma kisichoandikwa ndiko kuelewa. Mtoto wa kijijini aliyewahi kuanua mpunga na nyanya yake anayo maarifa hayo tayari. Anachohitaji ni mtu wa kumwonyesha kwamba maarifa ya uani yanaruhusiwa kuingia kitabuni. Darasa la ba-be-bi linamfundisha kinyume chake. Linamwambia kwamba kitabu ni mahali pa sauti zisizo na maana, na kwamba akili yake aiache mlangoni pamoja na kandambili.

Matokeo ya mafundisho hayo yamekwisha kupimwa. Tathmini ya Uwezo, iliyoanza kufanywa Tanzania mwaka 2010, iliwafuata watoto majumbani mwao na kuwapa hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Wengi wa watoto wa darasa la tatu hawakuweza kuisoma. Taifa lilishtuka, na kwa haki. Kuanzia mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukaelekezwa katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 nayo ilikuwa imeifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Hatua zote mbili zilikuwa njema. Lakini kwa maoni yangu walio wengi walizifahamu vibaya. Walidhani dawa ya mtoto asiyeelewa ni kumwanzishia silabi mapema zaidi, na kwa hiyo kazi ya darasa la kwanza ikasukumwa chini mpaka kwa watoto wa miaka minne. Mwaka ambao ungeweza kuwa wa hadithi ukawa mwaka wa kukariri mapema.

Ni lazima pia tuseme ukweli juu ya lugha anayoisikia mtoto nyumbani. Njoo. Kaa. Kula. Acha. Nenda kalete. Nyamaza. Simlaumu mama, mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni hana wasaa wa kusema ijapokuwa. Lakini shule itamtaka mtoto huyo huyo ajue ijapokuwa, na hatimaye, na huenda, na kabla hajafika, na kwa sababu hiyo. Sayansi imeandikwa kwa maneno hayo, na historia, na hata maswali ya hesabu, ambayo wanafunzi wengi huyakosa si kwa kutojua kugawanya bali kwa kutojua nani amemgawia nani. Mtoto wa miaka minne atakutana wapi na neno laiti, kama si kinywani mwa Fisi aliyenasa mtegoni akijuta ulafi wake? Akilisikia pale mara moja hatalisahau, wala hatahitaji mtu wa kumpa maana yake ubaoni.

Wako ndugu zetu, tena wenye mapenzi ya kweli na utamaduni wa taifa, wasemao kwamba kumsomea mtoto kitabu ni desturi ya Kizungu. Wanamwona mama wa Ulaya ameketi kando ya kitanda chenye shuka za maua, taa imewashwa, kitabu kimefunguliwa, nao husema: sisi hatuna mambo hayo, sisi tuna ngano za mdomo. Hoja hii inapendeza masikioni, lakini haijui historia ya nchi inayojidai kuitetea. Kusoma kwa sauti mbele ya wasikilizaji ni desturi kongwe ya Waswahili. Tenzi za Lamu, Pate, Mombasa na Unguja ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu na watu wachache, zikasomwa kwa sauti mbele ya watu wengi. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728, na wengi walioujua hawakuujua kwa macho. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utendi wa mawaidha mnamo mwaka 1858, uliingia majumbani kwa njia ya sauti, wanawake wakiusoma, na wasiojua kusoma wakiusikiliza mpaka wakauhifadhi. Kalamu ilikuwa ya mmoja, masikio yalikuwa ya mtaa mzima.

Na si pwani peke yake. Ni mzee gani wa bara, katika siku ambazo elimu ilikuwa haba, asiyewahi kusomewa barua na mjukuu wake? Gazeti lilikuwa moja, msomaji mmoja, na baraza la kahawa lilisikiliza, likamkatiza, likabisha, likamwamuru arudie. Baada ya uhuru taifa lenyewe liliitumia desturi hiyo kwa kazi kubwa. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wazima wapatao milioni mbili waliketi katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu na kiongozi wao, kisha wakajadiliana na kwenda kuchimba vyoo. Hakuna aliyesema kwamba mkulima anaigeuza nyumba yake kuwa ya Kizungu kwa sababu amesomewa. Kampeni za namna hiyo ni sehemu ya juhudi zilizoifanya nchi ambayo mwaka 1967 kiasi cha theluthi mbili ya watu wake wazima hawakujua kusoma, kuhesabu mwaka 1986 chini ya mmoja kati ya kumi wa namna hiyo. Yale tuliyowafanyia babu zetu, kusoma kwa sauti, kusimama, kuulizana, kujadili, ndiyo tunayoambiwa sasa kwamba ni mageni kwa wajukuu.

Wala hatusemi kwamba kitabu kije kumfukuza bibi. Ngano na kitabu ni ndugu wawili wenye kazi tofauti. Bibi huigeuza hadithi kila usiku apendavyo, na humo mna uzuri wake. Kitabu hubaki vile vile. Ukurasa ulioliza jana utaliza leo kwa maneno yale yale, na mtoto aliyesomewa mara tano atakukaripia ukiruka mstari. Siku anapokukaripia, amekwisha kugundua siri ambayo silabi hazikuweza kumfundisha: kwamba maneno yamo mle karatasini, hayatoki kichwani mwa mwalimu.

Anayetaka kuujua ufundi wa kusoma hadithi asiende mbali. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekaa Unguja, alichapisha mwaka 1870 kitabu cha ngano alizosimuliwa na wenyeji. Aliandika kwamba ngano hizo huwa na kibwagizo ambacho wote huimba pamoja, na kwamba mara nyingi mifupa ya hadithi imo ndani ya nyimbo hizo, huku msimulizi akiijazia nyama kwa maneno yake mwenyewe. Maana yake ni kwamba hadhira ilikabidhiwa mifupa. Msikilizaji hakuwa gogo. Fanani aliposema Paukwa, na hadhira ikajibu Pakawa, palifungwa mkataba: mimi nitasema, nanyi mtakuwapo.

Sasa linganisha na yafanyikayo darasani hata pale ambapo kitabu kipo. Mwalimu husoma: Sungura akakimbilia msi... Darasa humalizia kwa kelele: tuniii! Kisha mwalimu huuliza: Mmeelewa? Ndiyooo! Tumeelewa? Ndiyooo! Kitabu hufungwa. Wako watakaosema kwamba huo ndio mwitiko wa ngano uliohamia shuleni. Siyo. Ni sarafu ya bandia iliyopakwa rangi ya ile ya kweli. Kumalizia silabi ya mwisho ya neno hakumtaki mtoto awepo. Kasuku naye angeweza. Na swali la Mmeelewa, ambalo limeulizwa katika madarasa yetu pengine kuliko swali jingine lo lote, halijapata kumfichua mtoto hata mmoja asiyeelewa. Laiti lingepigwa marufuku kwa muhula mmoja, walimu wangelazimika kubuni maswali.

Maswali yenyewe hayana uchawi. Kobe alikuwa na rangi gani ni swali la macho, na likiwa peke yake huchosha. Kwa nini Kobe hakumwambia Kuku anakokwenda. Unadhani atafanya nini akirudi. Wewe ungefanyaje: haya ni maswali ya akili. Mwalimu akiisha kuuliza, anyamaze. Kunyamaza huku ni kugumu kwetu sisi tuliozoea kusema, lakini mtoto wa miaka minne anahitaji muda wa kulitafuta neno. Jibu likija, hata likiwa neno moja, mwalimu alichukue na kulirefusha. Mtoto akisema mvua, yeye aseme: naam, Bibi aliogopa mvua italowesha mpunga wake. Mtoto mwingine aweza kusema Bibi alikimbia kwa sababu usiku umeingia. Walimu wengi humwambia keti, umekosa. Lakini mtoto huyo hakukosa ovyo. Amefikiri kwamba mawingu huleta giza, na giza ni usiku. Aulizwe ameonaje, kisha picha itazamwe tena pamoja, na kosa lake litakuwa limelifundisha darasa kuliko jibu sahihi la mwenzake.

Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika jimbo la New York, Marekani. Wazazi wote waliohusika waliwasomea watoto wao wadogo vitabu vya picha. Lakini kundi moja lilifundishwa kuuliza maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au siyo, kumwacha mtoto aeleze, na kuyapanua majibu yake. Baada ya mwezi mmoja tu watoto wa kundi hilo waliwapita wenzao kwa miezi kadhaa katika vipimo vya kujieleza. Vitabu vilikuwapo katika makundi yote mawili, na tofauti ililetwa na mazungumzo. Nina hakika bibi ye yote wa Unguja aliyemsimulia Steere angeshangaa kusikia kwamba jambo hilo lilihitaji kuthibitishwa.

Mwalimu mwenye watoto sitini atacheka akiyasoma haya, nami sitamlaumu. Lakini afikiri tena juu ya gharama. Kitabu cha silabi hudai nakala moja kwa kila mtoto, na ndiyo maana hakitoshi kamwe. Hadithi isomwayo kwa sauti hudai nakala moja kwa darasa. Watoto wakiketi mikekani nusu duara, thelathini wakisikiliza na thelathini wakicheza nje chini ya uangalizi wa mtu mwingine, kisha wakabadilishana, kazi inawezekana. Mwanafunzi mmoja wa darasa la sita anayesoma vizuri aweza kuwasomea kundi la pili, na huenda yeye ndiye atakayefaidi kupita wote. Hadithi moja itumike juma zima: siku ya kwanza isomwe yote bila kukatizwa sana, siku ya pili kwa maswali, siku ya tatu watoto waisimulie kwa kufuata picha, siku ya nne waiigize, hata Fisi akinguruma kupita kiasi. Tena mwalimu aisome nyumbani kwanza, kwa sauti, mbele ya mwenzi wake au ukuta. Vyuo vya ualimu humpima mwanachuo katika andalio la somo, shabaha na zana. Sauti yake ya kusoma hadithi ingestahili kupewa alama kama hizo.

Kuna suala la lugha za nyumbani, ambalo huzungumzwa kwa hofu isiyo ya lazima. Nchi hii ina lugha zaidi ya mia moja, na katika vijiji vingi vya Usukuma, Ugogo au Umasai mtoto huja darasa la awali akiwa na maneno machache ya Kiswahili. Wapo wanaodhani kwamba mtoto huyo lazima asubiri hadithi mpaka akijue Kiswahili. Atakijuaje? Asomewe hadithi kwa Kiswahili, aonyeshwe picha, na akijibu kwa Kisukuma jibu lake lipokewe, lirudiwe kwa Kiswahili mbele ya wote, na kazi iendelee. Kumwadhibu mtoto kwa kujibu kwa lugha ya mama yake ni kumwadhibu kwa kuelewa. Umoja wa taifa haukujengwa kwa kuziba vinywa vya watoto wa miaka minne.

Nisemacho juu ya Kiingereza kitawaudhi baadhi ya wazazi. Imekuwa fahari kumpeleka mtoto katika shule ya awali ambako toka siku ya kwanza hasikii ila Kiingereza, tena mara nyingi Kiingereza cha mwalimu ambaye mwenyewe hakipendi wala hakijui vema. Mtoto hurudi jioni akiwa na orodha ya rangi na siku za juma, wazazi wakafurahi mbele ya wageni. Muulize ni nini kilichompata Sungura, kwa lugha yo yote, naye hana la kusema. Sipingi Kiingereza, wanafunzi wa sekondari wanaosoma makala haya wanakihitaji, na wanajua ilivyokuwa taabu kuingia kidato cha kwanza. Ninapinga dhana kwamba mtu aweza kukopa uwezo wa kuelewa kutoka lugha ambayo hajaelewa kitu ndani yake. Aliyejifunza kwa Kiswahili kukisia, kushuku, kuunganisha sababu na tokeo, hubeba mazoea hayo hata Kiingereza. Asiyejifunza popote huenda sekondari na silaha moja, nayo ni kukariri. Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tunacheza ngoma na kutoa hotuba. Ningependa mwaka mmoja mgeni rasmi aulize ni vitabu vingapi vya hadithi za Kiswahili vilivyomo katika darasa la awali lililo karibu na uwanja wa sherehe.

Hoja ya mwisho ya wapinzani ndiyo nyepesi kuliko zote, nayo ni kwamba vitabu hakuna. Ni kweli kwamba vitabu ni vichache. Si kweli kwamba havipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa Tanzania mwaka 1991 kwa kusudi hilo hilo, na waandishi na wachoraji wetu wametoa hadithi nyingi zenye mbuyu, daladala, mabwawa na ugali ndani yake. Maktaba za mikoa chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba zina sehemu za watoto. Mwalimu mwenye mkono mzuri aweza kuandika hadithi kwa herufi kubwa nyuma ya karatasi za kalenda ya mwaka jana, watoto wakachora picha. Na fedha zipo. Nani hajaona mahafali ya chekechea, watoto wa miaka mitano wamevaa majoho meusi kwenye jua la Novemba, keki imekatwa, mpiga picha amelipwa, muziki umekodishwa? Mtoto huhitimu kwa shangwe mahali ambapo hakusomewa kitabu. Thamani ya keki ile na kodi ya spika zile ingetosha kujaza rafu moja, na rafu hiyo ingewahudumia watoto wa miaka kumi ijayo.

Wanafunzi wa sekondari mnaosoma makala haya nao wanahusika, kabla hawajawa walimu wala wazazi. Karibu kila nyumba yenu ina mdogo wenu ambaye hajaanza darasa la kwanza. Nyinyi ndio wasomaji mlio karibu naye kuliko ofisa elimu wa wilaya. Robo saa baada ya chakula cha jioni, taa ikiwa tayari imewashwa kwa ajili ya kazi zenu, yatosha. Msichague kitabu cha kumfundisha adabu tu. Watoto huvinusa vitabu vya namna hiyo, nao huondoka. Chagueni kile kinachowachekesha nyinyi wenyewe. Waandishi wetu hulalamika kwamba Watanzania hawasomi, na wachapishaji hulalamika kwamba riwaya haziuzwi isipokuwa zikiwekwa katika mtihani. Msomaji wa riwaya hatengenezwi kidato cha tatu kwa kuamriwa. Hutengenezwa akiwa na miaka minne, akiwa ameegemea ubavu wa mtu anayemsomea, akiuliza kwa hasira kwa nini Fisi hajafa bado.

Shule nyingi huwaita wazazi mwanzoni mwa mwaka kuzungumzia michango. Kamati ya shule iandike jambo hili katika ajenda ya mkutano huo, ikitaja majina ya vitabu na bei zake, na lijadiliwe kabla ya suala la majoho.